Ndugu Yako Akiwa Mahabusu: Kazi ya Aliyebaki Nje

Simu yenyewe huja saa mbaya. Sauti ya haraka inasema kakamatwa, yuko kituo fulani, njoo. Hujavaa hata viatu, na kichwa tayari kinakimbia: nimpigie nani, pesa nitoe wapi, wazazi niwaambie nini. Waliokwisha kuipita njia hii wanajua jambo ambalo usiku huo halisikiki: makosa ya gharama kubwa hufanywa zaidi na familia kuliko na mshtakiwa, na mengi hufanywa ndani ya wiki ya kwanza, kwa mdomo na kwa pupa.

Kwa hiyo kabla ya kutoka, shika kalamu. Andika jina la kituo, saa uliyopigiwa, jina au namba ya askari uliyezungumza naye, kosa linalotajwa, na namba ya jalada kama limeshafunguliwa. Andika na jina kamili la ndugu yako kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Hili la jina huonekana dogo. Lakini kuna watu wamezunguka kutwa nzima kutoka kaunta hii hadi ile wakiambiwa "huyo hatunaye," kumbe yupo, ila aliandikishwa kwa herufi moja pungufu au jina la ukoo limetangulizwa.

Ukibahatika kuongea naye dakika mbili, usimuulize kama kweli amefanya. Swali hilo lina jibu moja tu salama, nalo ni kimya. Muulize kama ameumia, kama amekula, kama ana dawa anazohitaji. Mwambie wakili anatafutwa, na kwamba asitoe maelezo wala kutia saini chochote kabla hajafika. Haki ya kutolazimishwa kutoa ushahidi dhidi yako mwenyewe imo katika ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, na nchi nyingi zimeiandika kwenye sheria zao. Ajabu ni kwamba asiye na hatia ndiye huongea zaidi, akiamini akieleza vizuri ataachiwa asubuhi. Anataja saa kwa kukisia, anasahau alipita wapi, na miezi minane baadaye kule kukisia kunasomwa mahakamani kama uongo.

Nyumbani nako, acha kila kitu kilipo. Usifute ujumbe kwenye simu yake, usifue nguo, usihamishe kompyuta "kwa usalama." Kuharibu au kuficha ushahidi ni kosa linalojitegemea, na limewaingiza ndani ndugu ambao hawakuhusika kabisa na tukio la awali. Askari wakija kupekua, omba kuona hati ya upekuzi na uisome. Usiwazuie kwa mwili wala kwa matusi. Andika wanachokichukua na uombe nakala ya orodha yao.

Afya ni jambo la saa hizo hizo, halisubiri mahakama. Kama anatumia dawa za kisukari, kifafa, shinikizo la damu, VVU au za akili, peleka kwa maandishi jina la dawa, kipimo, saa za kumeza na namba ya daktari wake, ukiambatanisha cheti au picha ya pakiti. Vidonge vilivyo mkononi mwako mara nyingi havitapokelewa, kwa sababu askari hawajui ni nini. Barua ya daktari inayokwenda kwa muuguzi wa kituo au wa gereza ndiyo hufanya kazi. Kama ni mtu wa pombe ya kila siku, waambie waziwazi, aibu weka kando. Kuikata pombe ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo ndani ya siku chache. Na kama amewahi kutaka kujiua, au simu yake imekuacha na wasiwasi, sema hivyo kwa maandishi na ubaki na nakala. Siku za mwanzo za mahabusu ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya mtu kujidhuru. Askari anayejua humweka mahali pa kuonekana.

Kama amekamatwa ugenini, Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kibalozi wa mwaka 1963, ibara ya 36, unampa haki ya kuwasiliana na ubalozi wa nchi yake. Ubalozi hautalipa dhamana wala kusimama kama wakili, ila unaweza kumtembelea, kutoa orodha ya mawakili na kufikisha habari nyumbani. Aliyekimbia serikali ya nchi yake asiguse njia hii kabla ya kuzungumza na wakili.

Mbele ya hakimu, mara ya kwanza

Sheria za nchi nyingi zinataka mtu afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24 au 48, ingawa wikiendi na sikukuu huweza kuvuta muda. Siku hiyo hakuna kesi inayosikilizwa kwa maana ya mashahidi na ushahidi. Mashtaka husomwa, mshtakiwa huulizwa kama anakiri au anakana, dhamana hujadiliwa, tarehe hupangwa. Huenda ikawa dakika tano baada ya kusubiri saa sita kwenye benchi. Fika mapema, kwa sababu orodha ya kesi hubandikwa asubuhi na chumba huweza kubadilishwa bila tangazo. Karani ndiye mtu wa kuulizwa, kwa adabu, tena kabla hakimu hajaketi.

Familia nyingi huja na machozi pale panapotakiwa karatasi. Hakimu anayeamua dhamana ana maswali yake machache: huyu atarudi mahakamani au atatoroka? Atavuruga mashahidi au upelelezi? Atatenda kosa jingine? Je, mwenyewe atakuwa salama huko nje? Kila swali lina karatasi yake. Mkataba wa nyumba au bili yenye anwani huonyesha ana mahali pa kupatikana. Barua ya mwajiri au ya chuo huonyesha ana sababu ya kutokimbia. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ripoti ya daktari, pasipoti aliyo tayari kuikabidhi, barua ya jamaa wa mji mwingine anayekubali kuishi naye mbali na mlalamikaji. Vyote hivi mpe wakili usiku wa kuamkia siku hiyo, nakala na vya asili. Wakili aliyepewa bahasha mlangoni, hakimu akiwa anaingia, hana la kufanya nayo.

Dhamana ina sura kadhaa, na kuzichanganya kumewagharimu wengi. Kuna ya ahadi ya mshtakiwa mwenyewe, isiyohitaji fedha mkononi. Kuna ya mdhamini, ambapo mtu mwingine anasaini kwamba mshtakiwa akitoroka yeye atalipa kiasi kilichotajwa. Kuna ya fedha taslimu zinazowekwa mahakamani na kurudishwa kesi ikiisha kama masharti hayakuvunjwa. Kuna ya mali, yaani hati ya nyumba au kiwanja, ambayo huhitaji tathmini na uthibitisho wa umiliki, na kazi hiyo huweza kula siku kadhaa. Marekani na Ufilipino zina makampuni yanayoweka dhamana kwa niaba yako ukilipa ada. Katika majimbo mengi ya Marekani ada hiyo ni kama asilimia 10 ya dhamana, na ikishalipwa hairudi hata kesi ikifutwa kesho yake. Uliza swali moja kabla ya kutoa chochote: hizi fedha zitarudi, na zitarudi kwa nani? Anayerudishiwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye stakabadhi. Kama fedha zimechangwa na watu sita, andikeni karatasi yenu wenyewe siku hiyo hiyo ya nani alitoa kiasi gani. Stakabadhi ya asili itunzwe mahali pakavu. Ikipotea, kuzidai fedha kunageuka kesi ya pili.

Kabla ya kukubali kuwa mdhamini, soma masharti yote: kuripoti siku fulani, kutotoka nje ya eneo, kutomkaribia mlalamikaji, kuwa ndani ifikapo saa fulani. Halafu jiulize kama huyu unayemjua ataweza kuyatimiza kwa mwaka mzima, hata siku atakayokasirika au kulewa. Kumpenda mtu na kumdhamini ni mambo mawili, na anayesema "siwezi kusaini, lakini nitakuwepo kila tarehe" hajamtupa ndugu yake.

Kuna mgongano ambao hauna jibu jepesi: fedha zilizopo ziende kwenye dhamana au kwa wakili? Maoni ya wengi waliofika mwisho wa safari ni kwamba dhamana iliyo ndani ya uwezo itangulie. Aliye nje hulinda kazi yake, hutafuta mashahidi wake, hukaa na wakili wake bila dirisha katikati, wala hasukumwi kukiri ili tu arudi nyumbani. Lakini kuuza nyumba wanayolala watoto ili kulipa dhamana ya kesi ya miaka mitatu ni kufungua jela ya pili. Dhamana ikinyimwa, si mwisho. Inaweza kuombwa tena hali ikibadilika, kwa mfano upelelezi ukikamilika, shtaka likipunguzwa au afya ikidhoofu, na mara nyingi mahakama ya juu inaweza kuombwa iupitie uamuzi huo.

Hapo hapo ndipo matapeli hufika. Mtu anapiga simu akijiita karani, askari au msaidizi wa wakili, anazo taarifa za kutosha kukutisha, na anataka fedha sasa hivi, kwa njia isiyo na stakabadhi. Kata simu. Piga namba rasmi ya ofisi husika uliyoipata mwenyewe, uulize. Na yule anayesema atamalizana na hakimu pembeni, ama ni mwongo atakayekula fedha zako, ama ni mkweli atakayekuingiza kwenye kosa la rushwa. Hakuna sura ya tatu.

Wakili

Tafuta mtu anayefanya kesi za jinai kila wiki. Wakili mzuri wa ardhi au mirathi atakuwa mwanafunzi kwenye kesi yako, nawe ndiye utalipa karo. Muulize ni kesi ngapi za aina hii amezifikisha hadi hukumu, nani hasa atasimama mahakamani, yeye au kijana wa ofisini, na ada inaishia wapi. Inajumuisha maombi ya dhamana? Mtaalamu wa maabara? Nakala za mwenendo wa kesi? Rufaa? Makubaliano yawe ya maandishi na malipo yafuate hatua za kesi. Anayekuhakikishia ushindi kabla hajasoma jalada anakuuzia upepo.

Kama uwezo haupo, omba wakili wa serikali au msaada wa kisheria siku ya kwanza kabisa. Mkataba ule wa 1966 unatambua haki ya kupewa wakili bila malipo pale haki inapohitaji hivyo na mtu hana uwezo. Mawakili hawa hudharauliwa bure. Wengi wao wanamjua kila mwendesha mashtaka wa jengo hilo kwa tabia. Wanachokosa ni muda, kwa hiyo wasaidie: karatasi moja yenye mfululizo wa matukio kwa tarehe, orodha ya mashahidi na namba zao, nakala zilizopangwa. Familia ichague msemaji mmoja, atakayetuma maswali yote kwa pamoja mara moja kwa wiki. Wakili anayepigiwa na shangazi, kaka na mchumba kila mmoja kwa wakati wake huacha kupokea simu za wote.

Jambo linalouma ni hili: hata kama unalipa wewe, mteja ni aliye ndani. Siri ni zake. Wakili akikuambia "hilo siwezi kulijadili nawe," anafanya kazi yake vizuri.

Kuna ushahidi unaooza. Picha za kamera za dukani au mtaani mara nyingi hufutika zenyewe baada ya siku au wiki chache, mfumo ukiandika juu yake. Shahidi aliyeona huhama. Jeraha hupona. Andika leo kila mahali alipopita siku ile na kila mahali penye kamera, umpe wakili aandike barua ya kuomba kumbukumbu zihifadhiwe. Kati ya mambo yote ambayo ndugu wa nje anaweza kuyafanya kwa mikono yake, hili ndilo huweza kugeuza kesi, na ndilo hukumbukwa wiki ya sita likiwa halina maana tena.

Simu ya gerezani

Chukulia kwamba kila simu inarekodiwa, kila barua inasomwa na kila mazungumzo ya dirishani yana sikio la tatu. Katika magereza mengi ndivyo ilivyo, na tangazo lake liko ukutani au husikika mwanzoni mwa simu. Watu hulisikia mara moja, wakalizoea kama mlio wa feni, kisha wanaanza: "lakini wewe si ulimwambia…" Mwendesha mashtaka anaweza kuomba rekodi hizo, na anazipata bila kutoa jasho. Kutumia mafumbo ni kubaya zaidi, kwa kuwa fumbo huonekana kama njama, na tafsiri yake mahakamani itatolewa na upande usiokupenda. Kumuunganisha kwenye simu na mtu wa tatu kwa kawaida kunakatazwa, na huweza kumnyang'anya haki ya kupiga kabisa.

Mazungumzo na wakili yana hadhi tofauti. Kanuni za Nelson Mandela za jinsi ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 61 kwamba mfungwa apewe nafasi ya kuonana na wakili wake bila kusikilizwa, ingawa askari wanaweza kuwaona. Ulinzi huo haukuhusu wewe. Ukiketi katikati yao, unaweza hata kuuvunja.

Kuna sababu nyingine ya kutomuuliza kilichotokea: unaweza kuitwa shahidi. Alichokuambia mkewe, mama yake au rafiki yake kinaweza kuulizwa chini ya kiapo. Nchi nyingine huwalinda wanandoa, nyingine kwa mipaka, na mama mara nyingi halindwi kabisa. Usichokijua hakitatolewa kinywani mwako. Mwambie hivyo mapema, ili asidhani kimya chako ni kumshuku. Mkumbushe pia kwamba wale wa seli moja si ndugu. Mwenye kesi yake nzito anaweza kununua unafuu kwa habari za jirani, na karatasi za kesi zilizoachwa juu ya kitanda humsaidia kuzipamba.

Basi mtaongea nini? Hapa ndipo wengi hukwama, na dakika kumi zinaisha kwa ugomvi. Anzeni na ya lazima: tarehe ijayo, afya, kitu anachohitaji. Halafu maisha madogo: mtoto kasoma nini, mti wa uani umechanua, jirani kahama. Someni kitabu kimoja kwa pamoja, sura kwa wiki. Itakuwepo siku ambayo ana hasira na wewe kwa sababu wewe tu ndiye unayepokea simu. Usijibu hasira hiyo, lakini usikubali kutukanwa kila siku pia. "Nitapokea kesho saa ile ile" ni sentensi inayotosha, mradi kesho upokee kweli.

Kumtembelea na kumtunza

Piga simu kabla ya safari ya kwanza, na ya pili. Siku za kutembelea hubadilika, wing (sehemu moja ya gereza) huweza kufungiwa, mtu huhamishwa gereza usiku bila familia kuambiwa. Magereza mengi hutaka jina lako liwe kwenye orodha aliyoijaza mwenyewe, kitambulisho halali, na cheti cha kuzaliwa kwa mtoto. Watu hurudishwa langoni kwa mambo madogo: suruali ya rangi inayofanana na sare, bega wazi, chuma kwenye sidiria, simu mfukoni, kitambulisho kilichoisha muda wiki iliyopita. Usibebe kitu chochote cha mtu mwingine, hata kifurushi cha dawa ya meno ambacho "mama wa fulani" amekuomba.

Asiyehukumiwa hana hadhi ya mfungwa. Kanuni zile za Mandela, kuanzia ya 111 hadi ya 120, zinamhusu yeye: atengwe na waliohukumiwa, aruhusiwe kuvaa nguo zake zikiwa safi na zinazofaa, aletewe chakula kutoka nje kwa gharama yake au ya ndugu kwa mipaka inayofaa, asilazimishwe kufanya kazi, apate vitabu na vifaa vya kuandikia, atibiwe na daktari wake mwenyewe kwa gharama yake kukiwa na sababu ya msingi. Haya hayajatekelezwa kila mahali kwa ukamilifu, lakini kuyataja kwa utulivu katika barua kwa mkuu wa gereza, ukibaki na nakala, huzaa zaidi ya kelele za langoni.

Fedha zitumwe kwa njia rasmi tu, kwa kiasi kidogo kisichobadilika. Mtu anayepokea nyingi hujulikana wing nzima kabla jua halijazama, na huanza kutozwa "ulinzi." Akianza ghafla kuomba mara mbili ya kawaida, au akitaka utume kwa mtu usiyemjua, usimgombeze na usitume. Mpigie wakili.

Vitabu viulizie kwanza; baadhi ya magereza hukubali tu vilivyotumwa moja kwa moja na muuzaji. Barua andika nyingi, ziwe fupi, na kila moja uipe namba, ili ajue ikipotea.

Maisha yanayoendelea nje

Pango halisubiri hukumu. Ndani ya wiki mbili za kwanza pitia mkataba wake wa nyumba, mikopo, bima, gari lililoachwa barabarani, malipo yanayokatwa yenyewe benki. Utahitaji hati ya uwakili, inayokuruhusu kutenda kwa niaba yake, na kuipata saini yake gerezani huchukua muda kwa sababu shahidi au mthibitishaji lazima aingie ndani. Iombe mapema, iwe ya mambo yaliyotajwa, isiwe ya kila kitu. Kwa mwajiri sema machache yaliyo kweli: hayupo kwa sababu za kifamilia na kisheria, utawapa taarifa. Usibuni ugonjwa. Uongo ule utasomwa siku moja.

Mitandaoni, kaa kimya. Hata maneno "Mungu anajua ukweli, na nyie mliomsingizia mtaona" yanaweza kusomwa kama vitisho. Usimtafute mlalamikaji wala shahidi, hata kwa kuomba radhi, hata kama mlikua pamoja. Nia yako nzuri itaitwa kuvuruga ushahidi, na dhamana itafutwa kwa sababu yako. Wakikutafuta wao, hifadhi ujumbe bila kujibu, umpelekee wakili.

Watoto waambieni ukweli unaolingana na umri wao, kabla hawajaupata shuleni. "Yuko safarini" hudumu mpaka safari inapozidi miezi. Msiwaahidi tarehe. Na kama aliyekamatwa ni mama mwenye wadogo wa kuangalia, Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, za mwaka 2010, zinataka apewe nafasi ya kupanga malezi yao kabla au wakati wa kuingizwa gerezani. Aidai mapema, kwa maandishi, kupitia wakili.

Kisha kuna kuahirishwa. Upelelezi haujakamilika, shahidi hakufika, ripoti ya maabara haijatoka, wakili ana kesi mahakama nyingine, hakimu yuko likizo. Familia huchukua ruhusa kazini, husafiri, husubiri, na mwisho husikia tarehe mpya kwa sauti isiyofika benchi la tatu. Andika kila ahirisho na sababu yake na upande ulioliomba kwenye daftari lenye namba ya kesi juu. Orodha hiyo ina kazi: mkataba wa 1966, ibara ya 9, unasema aliyezuiliwa kesi yake isikilizwe ndani ya muda unaofaa au aachiwe, na wakili anayeomba dhamana upya akiwa na maahirisho tisa yaliyoandikwa kwa tarehe husikilizwa tofauti na anayesema tu kesi imechelewa.

Gharama ya haya yote kwa mwili haihesabiwi na mtu. Pangeni zamu za kwenda mahakamani na gerezani. Kaeni kikao kimoja cha familia na kutaja kiwango cha juu cha fedha kitakachotoka, kabla mdogo wenu hajachukua mkopo kwa siri. Kukosa wiki moja kumtembelea ili ulale si usaliti.

Kukiri au kwenda mbele

Siku moja upande wa mashtaka huweza kuleta mapendekezo: akiri kosa dogo, jingine lifutwe. Aliyekaa ndani muda mrefu husikia neno moja tu, kurudi nyumbani. Na familia iliyochoka humsukuma. Uamuzi huu ni wake, na unalofaa kufanya ni kuhakikisha maswali yameulizwa: adhabu ya chini na ya juu ni ipi? Muda aliokwisha kukaa utahesabiwa? Hakimu anafungwa na makubaliano haya au anaweza kuzidisha? Rekodi hii itagusa vipi kazi, leseni, kibali cha kuishi nchini, malezi ya watoto? Majibu yaandikwe, apewe usiku mmoja wa kulala nayo.

Kesi ikianza kusikilizwa, nguo zipelekwe siku kadhaa kabla, kwa utaratibu wa gereza au kupitia wakili, na saizi ifikiriwe upya: aliyeingia miezi kumi iliyopita huenda si saizi ile ile, na mkanda huenda ukakataliwa. Kama unaweza kuitwa shahidi, usiingie kusikiliza wenzako, maana ushahidi wako huweza kupingwa au kukataliwa. Muulize wakili kwanza. Ndani ya chumba usitikise kichwa shahidi anapodanganya, usicheke, usimuashirie ndugu yako. Katika korido na vyooni usiseme lolote la kesi. Anayenawa mikono pembeni yako hujui ni nani. Uwepo wenu tu, watu watatu wanne waliovaa kwa heshima wakikaa pale kila siku, huonekana na kila mtu chumbani, na yeye huuona zaidi ya wote.

Kwa siku ya hukumu jiandaeni pande zote. Akitiwa hatiani, muulize wakili papo hapo siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa ya rufaa, kwa sababu muda huo katika nchi nyingi huhesabiwa kwa siku, nao huanza kukimbia wakati bado mnalia. Ombeni nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, na muulize atapelekwa gereza gani, maana orodha ya wageni na akaunti ya fedha huanza upya.

Akiachiwa, msiondoke kwa shangwe bila karatasi. Huenda akarudishwa kwanza gerezani kukamilisha taratibu, na lango likafunguliwa usiku. Mmoja wenu awepo hapo akiwa na nguo, simu yenye chaji na nauli. Chukueni hati ya kuachiwa, vitu vyake vilivyoorodheshwa siku ya kukamatwa, na stakabadhi ya dhamana mkaanze kudai fedha. Kisha wakili ahakikishe hati ya kukamatwa imefutwa kwenye kumbukumbu za polisi, na nakala ya amri ya mahakama atembee nayo mfukoni kwa miezi kadhaa, kwa sababu wapo walioshinda kesi asubuhi na kukamatwa tena jioni kwenye kizuizi cha barabarani, kwa hati ile ile ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa.